Mapanki Mbele ya Kamera

Kila nikifungua simu siku hizi nakutana na onyo kuhusu picha za uongo. Akili mnemba inaweza kumtengeneza waziri akatamka asichowahi kukitamka, au mama anayelia kwenye msiba ambao haukuwahi kutokea. Hivi karibuni niliombwa niandae somo la kuwafundisha waandishi chipukizi namna ya kuzitambua: hesabu vidole, tazama vivuli, angalia kama midomo inakwenda na sauti. Somo nimeliandaa na naamini lina faida. Tatizo lilianza nilipotafuta mifano katika maisha yangu mwenyewe, nikakosa hata mmoja. Picha zote zilizowahi kuniumiza zilikuwa za kweli. Zilipigwa mahali palipotajwa, watu walikuwa wenyewe, hakuna aliyechezea chochote. Na karibu zote zilihusu samaki.

Nimekulia Kirumba, Mwanza, karibu na mwalo ambako mitumbwi hushusha samaki alfajiri. Utotoni mwangu, miaka ya 1980, sangara alikuwa bado anaitwa mgeni. Aliletwa Ziwa Victoria na binadamu katika miaka ya 1950, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaongezeka ghafla na kuwamaliza wengi wa furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo. Wazee walimdharau. Walisema ana mafuta mno, ana harufu, hana utamu wa sato wala wa ningu. Kwa kuwa alidharauliwa, alikuwa rahisi, na nyumba zenye watoto wengi kama yetu zilimkaribisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikaja viwanda vya minofu. Minofu ikawa inapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, na sangara mzima akapanda bei mpaka tukawa tunamwona akipita tu. Kilichobaki ni kichwa, mgongo na mkia, yaani mapanki. Malori yaliyatoa viwandani, wachuuzi wakayanunua kwa jumla, wengine wakayaanika kwenye chanja, wengine wakayakaanga. Shangazi yangu alikuwa wa kukaanga. Alikuwa na karai kubwa, na mafuta yake yalikuwa ya sangara huyo huyo. Jioni watu wanapotoka kazini alipanga mafungu yake, na kabla ya isha yalikuwa yamekwisha. Sisi watoto tuligombania kichwa, kwa sababu shavuni kuna nyama laini ambayo kisu cha kiwandani hakiifikii. Tulikula kwa ugali wa udaga. Sikumbuki mtu yeyote aliyetuonea huruma.

Sisemi hivyo kuupamba umaskini. Watu wa kando ya ziwa lenye samaki tele kubaki na mifupa, huku nyama ikiruka angani, ni dhuluma ambayo hata mtoto angeweza kuihesabu. Ila mtoto huyo huyo alikuwa anakula kichwa cha sangara kwa raha. Mambo yote mawili yalikuwa kwenye sahani moja, na sikujua kwamba siku moja nitatakiwa kuchagua moja nilitupe.

Nguvu ya habari niliiona kwanza mwaka 1994, kabla sijajua kwamba hiyo ni kazi nitakayoifanya. Redio zilitangaza kwamba miili ya watu waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa inaelea katika Mto Kagera na kuingia ziwani. Habari ilikuwa ya kweli, na ya kutisha kuliko maneno yalivyoweza kuibeba. Kagera inamwaga maji yake upande wa magharibi, Uganda, mbali sana na Mwanza, na ziwa lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 69,000. Redio haikusema popote kwamba samaki wa Kirumba wameguswa, na wala haikuhitajika kusema. Msikilizaji aliyemaliza taarifa ya habari alikuwa ameshachora ramani yake kichwani, na katika ramani hiyo ziwa lilikuwa dogo kama dimbwi. Mama yangu, mke wa mvuvi, akaacha kupika samaki. Karai la shangazi likakaa kavu. Wanunuzi waliporudi, hakuna tangazo lililokuwa limetolewa kuwarudisha. Habari nyingine tu zilikuwa zimechukua nafasi.

Halafu Mei 1996 meli ya MV Bukoba ikazama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Mwishoni mwa muongo huo Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa ziwa letu zaidi ya mara moja, kwa hofu ya kipindupindu na ya uvuvi wa sumu. Mtu aliyeko Dar es Salaam ambaye hajawahi kufika kwetu angesamehewa kuamini kwamba Mwanza ni mahali ambapo watu huzama, huugua au huwekewa sumu. Kati ya msiba na msiba tuliishi, tukaoa na kuolewa, tukajenga, lakini hayo hayana saa ya kutangazwa.

Filamu ikaja wakati mimi tayari ni mwandishi mdogo wa habari. Iliitwa Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper wa Austria, ikatoka mwaka 2004, na baadaye ikafika hadi kwenye orodha ya filamu zilizowania tuzo ya Oscar. Niliitazama nyumbani kwa rafiki, kwenye santuri iliyonakiliwa, chumba kimejaa majirani. Mwanzoni watu walikuwa wanachekelea kuitambua mitaa. Kisha chumba kikanyamaza. Kulikuwa na watoto wa mitaani wakipigania chakula, dada waliokuwa wakikaa na marubani wa ndege za mizigo, na mapanki yakianikwa katikati ya funza na matope.

Nilitafuta uongo kwenye filamu ile kwa hasira ya mtu aliyetukanwa, sikuuona. Watoto wale niliwapita kila siku nikienda kazini. Mapanki yenye funza nimeyaona kwa macho yangu. Ilinibidi niitazame tena, peke yangu, ndipo nikaona kwamba kazi ilikuwa imefanyika kwenye maungio, pale picha moja inapokutana na nyingine. Zaidi ya miaka mia iliyopita Lev Kuleshov, mwalimu wa filamu wa Urusi, alichukua picha ile ile ya uso wa mwigizaji, uso usioonyesha chochote, akaiunganisha na sahani ya mchuzi, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Watazamaji wakaona njaa, wakaona huzuni, wakaona tamaa. Uso haukubadilika. Katika filamu ya Mwanza, swali linalorudi tena na tena ni ndege zinazochukua minofu huleta nini zinapokuja. Rubani anasita kujibu, ndege inatua, habari za vita vya Afrika zinatajwa, na mtazamaji anaziona silaha ambazo kamera haijamwonyesha. Huenda swali lilikuwa halali, na wapo waliokuwa na sababu za kuliuliza. Lakini tuliotoka chumbani mle tulitoka tukiwa na jibu.

Sikumdai Sauper aweke shule zetu nzuri na ukumbi wa halmashauri ili kusawazisha. Kazi hiyo ina watu wake wanaolipwa. Nilichodai, moyoni, ni kitu kidogo tu: mtu mmoja anayekula panki na kulamba vidole.

Mwaka 2006 serikali ikajibu. Rais Jakaya Kikwete aliikosoa filamu hadharani kwamba imeichafua nchi, Mwanza kukawa na maandamano ya kuipinga, wabunge wakachangia, na mwandishi mmoja wa kwetu aliyeonekana ndani ya filamu akajikuta matatani. Hoja iliyokuwa ikirudiwa na watetezi wa heshima yetu, kwenye redio na kwenye vijiwe vya kahawa, ni kwamba mapanki hayaliwi na watu. Ni chakula cha kuku, walisema. Ni cha mifugo. Mtanzania hali mifupa.

Nilimsikia mmoja akilisema hilo redioni nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha shangazi, hatua mbili kutoka kwenye karai.

Hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko darasa lolote la uandishi. Picha ya kigeni ilimfanya shangazi kuwa mtu wa kuhurumiwa, asiye na neno la kusema. Jibu la wenyewe kwa wenyewe likamfuta kabisa: hakuna mtu kama yeye, wala wateja wake hawapo, na ada za watoto wake zilitoka hewani. Waliogombana walikuwa maadui, mmoja akiitetea haki na mwingine akiitetea bendera, lakini walikubaliana katika jambo moja ambalo hakuna aliyelitilia shaka: kwamba kula panki ni aibu. Walichobishania ni kama aibu hiyo ipo au haipo.

Na aibu ikaingia sokoni. Zamani mteja alikuja na sahani yake, akaondoka nayo wazi, akisalimiana na watu njiani. Baada ya kelele zile watu wakaanza kuomba mfuko mweusi wa rambo. Wengine walimtuma mtoto. Mwalimu mmoja, mteja wa miaka, akawa anapita usiku tu. Panki lilikuwa lile lile na bei ilikuwa ile ile. Shangazi hakuwa ameitazama filamu na hakuwahi kuitazama baadaye, lakini aliilipia kwa kununua mifuko.

Miaka iliyofuata wageni wenye kamera waliongezeka. Filamu ilikuwa imeufungua mji wetu kama kituo cha habari, na mimi, kwa kuwa naijua mialo na naijua lugha, nikawa mwenyeji wao wa kulipwa kwa siku. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kweli nilipona, kodi ya nyumba nililipa kwa fedha zao. Kundi moja lilifika likiwa na karatasi zilizochapwa, na ndani yake siku zetu zote zilikuwa zimeshaandikwa: siku ya kwanza mapanki, siku ya pili mtoto, siku ya tatu mvuvi na machweo. Mtoto alikuwa hajulikani bado, lakini machozi yake yalikuwa yamepangiwa muda.

Kwa mvuvi ndipo nilipochoka. Tulikwenda kisiwani, tukampata mzee mmoja mwenye maneno. Kwanza pikipiki ya kijana wake iliombwa isogezwe, maana ilikuwa inang'aa nyuma yake. Kisha akaombwa aweke simu mfukoni. Wakamuuliza kuhusu njaa. Yeye akaeleza habari za makokoro yanayozoa samaki wachanga, na za wakala wa kiwanda anayemkopesha nyavu kisha akampangia bei, kiasi kwamba kila msimu unakwisha yeye bado anadaiwa. Yalikuwa maelezo safi kabisa ya jinsi mtu anavyobaki maskini huku akifanya kazi usiku kucha. Mpiga picha akashusha kamera, akasubiri amalize, kisha swali la njaa likarudiwa. Na likarudiwa tena. Mwishowe mzee akasema ndiyo, kuna siku tunalala bila kula, na kamera ikawa juu. Tulipokuwa tunarudi kwenye boti aliniambia kwa upole, "Dada, hawa hawakuja kuniuliza. Wamekuja nirudie walichokwisha kukisema."

Kwa muda mrefu niliwahesabu kuwa watu wabaya. Siku hizi nawaelewa zaidi, na kuwaelewa kwenyewe kunatisha zaidi. Hawakuwa wabaya. Walikuwa na siku chache za hoteli. Kuna mtu London aliyetoa fedha kwa kusoma muhtasari wa kurasa mbili, na muhtasari huo ulikubalika kwa sababu ulifanana na kitu alichokwisha kukiona. Mtazamaji kule ana sekunde chache za kuamua kama atabaki kwenye idhaa ile, kwa hiyo picha ya kwanza lazima aitambue bila kufikiri. Mkopo wa nyavu hauwezi kutambulika kwa sekunde chache. Njaa inaweza. Hakuna mtu katika mnyororo huo anayesema uongo, na mwisho wake mzee aliyedhulumiwa na mkataba anatoka kwenye runinga akiwa ameonewa na hali ya hewa.

Nikahamia Dar es Salaam, chumba cha habari cha gazeti la Kiswahili, nikidhani nimeuacha mchezo huo kwa Wazungu.

Mauaji ya watu wenye ualbino yalikuwa yanaendelea, mengi yakiripotiwa Kanda ya Ziwa. Kazi kubwa ilifanywa na waandishi wa hapa nchini. Vicky Ntetema wa BBC aliwafuata waganga kwa siri mwaka 2008, akatishiwa maisha, na ikambidi ajifiche. Bila watu wa namna yake mauaji yale yangebaki minong'ono. Lakini katika vyumba vyetu vya habari kazi ilikuwa rahisi zaidi. Habari ikifika kutoka Mwanza au Shinyanga ilitafutiwa picha ya kibuyu na mganga mwenye ngozi ya mnyama. Katika vikao vya wahariri "Msukuma" alikuwa ameshakamilika: mshirikina, mjinga, anatoka porini. Mimi Msukuma nilikuwa nimekaa pale pale mezani na kalamu yangu. Jioni hiyo hiyo, kwenye vichekesho vya runinga, mlinzi wa geti aliongea Kiswahili cha kwetu na nchi nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka, maana mwigizaji alikuwa hodari.

Kilichonikera hasa ni bei. Magazeti yalichapisha, tena kwa herufi kubwa, eti kiungo fulani cha binadamu kinauzwa kiasi fulani. Sitakirudia hapa. Aliyeiandika mara ya kwanza alinukuu uvumi, wa pili akamnukuu wa kwanza, na uvumi ukawa bei ya soko. Nilimuuliza mhariri mmoja nani aliwahi kumwona mnunuzi akilipa. Alisema swali ni zuri, tutalifuatilia, na kichwa cha habari kikabaki kama kilivyokuwa. Sina ushahidi kwamba kuna mtu aliyechukua panga kwa sababu ya kusoma kichwa kile. Ila najua kwamba kijana asiye na kazi, kijijini, ambaye hajawahi kuwaza jambo hilo, alikuwa ameletewa tangazo.

Ilikuwa hivyo pia kwa bibi zetu waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu yalitajwa katika habari kana kwamba ni alama ya ajabu, wakati kila mtu aliyelelewa usukumani anajua jiko la kinyesi cha ng'ombe linavyoyafanya macho ya mwanamke aliyepika juu yake miaka hamsini. Sentensi moja kuhusu moshi ingetosha. Ilikatwa mara nyingi kwa ufinyu wa nafasi.

Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge, na mwaka 2010 Salum Barwany akachaguliwa na wapiga kura wa Lindi Mjini. Mpaka hapo, picha ya mtu mwenye ualbino gazetini ilikuwa ya mtu aliyekatwa mkono, au ya jeneza. Ghafla mpiga picha wa Bunge akawa analeta picha ya mwanamke aliyekaa kwenye kiti chake, karatasi mkononi, anasubiri kuchangia kama mbunge mwingine yeyote. Sijui kama wasomaji waliliona hilo. Mimi niliona kwamba wahariri hawakujua waiweke wapi. Picha isiyo na jeraha ilikuwa haina ukurasa wake. Na waandishi walipowafuata wabunge hao kwenye korido za Dodoma, karibu kila swali lilikuwa kuhusu ngozi, mara chache sana kuhusu barabara za Lindi.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na mzungu hana ngozi ya pekee katika hili. Aliyeko London anaivuta Afrika, aliyeko Dar es Salaam anaivuta Kanda ya Ziwa, na aliyeko Mwanza mjini, ukimpa kamera, ataivuta Ukerewe. Nimemwona akifanya hivyo.

Nikaamua kuandika habari ya shangazi. Nilitaka makala moja tu ya gazeti, yenye picha moja, ya mwanamke aliyeishi kwa mapanki: ananunua kwa kiasi gani, anakaanga vipi, fungu anauza kwa bei gani, amejenga nini. Nikaenda Kirumba na mpiga picha. Shangazi alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi na viatu, na hakutaka kusogea karibu na karai. Nikambembeleza. Nikamwambia karai ndilo habari yenyewe.

"Karai umeliona tangu unanyonya," akasema. "Piga nyumba."

Basi akasimama mbele ya nyumba yake ya matofali, yenye bati jipya na vigae barazani, mikono ameishika mbele kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nilikasirika kidogo. Picha ilikuwa imekufa, haikuwa na moshi, wala moto, wala samaki. Njiani ndipo nikajiuliza nilikuwa nataka nini zaidi ya kile alichokitaka yule wa machweo. Shangazi alikuwa na wazo lake kamili la namna anavyotaka kuonekana, na katika wazo hilo mapanki yalikuwa njia iliyomfikisha barazani. Hakuona sababu ya kupigwa picha njiani. Yeye pia alikuwa anaficha kitu, ni kweli. Alificha moshi kama wengine walivyoficha pikipiki. Tofauti ni kwamba uso ulikuwa wake.

Makala yalitoka Jumapili. Maneno yangu yalikuwa yote, hata hesabu za mafungu. Nyumba haikuwepo. Pale palipopaswa kuwa na shangazi palikuwa na mwanamke mwingine, simjui, amechuchumaa kwenye lundo la mapanki huku nzi wamemzunguka, na chini yake maneno mawili: Picha ya Maktaba. Nilipompigia mhariri wa picha aliniambia ile niliyoleta haikuonyesha chochote, ni mama tu amesimama mbele ya nyumba. Shangazi alitumiwa gazeti na mtoto wake, akapiga simu akicheka mpaka akakohoa, akitaka kujua huyo mwenye jina lake ni nani. Baada ya muda si mrefu mwanamke yule yule alitokea tena katika gazeti letu, lundo lile lile na nzi wale wale, kwenye habari ya kipindupindu katika mkoa ambao hauna ziwa.